Karibu ni Wapi?

I

Mtu akisafiri kutoka Makambako kwenda Songea hupita kwanza mji wa Njombe, kiasi cha kilomita 60 kutoka Makambako. Kisha, akizidi kuelekea kusini, hufika Kifanya. Nchi hiyo ni ya Wabena. Ni nchi ya juu, yenye baridi, na umbo lake ni kama shuka lililokunjamana: kilima na bonde, kilima na bonde, hata macho huchoka. Migongoni mwa vilima watu wamejenga nyumba zao, nao hulima mahindi na viazi. Chini mabondeni, penye maji, wana vinyungu vyao, yaani bustani walimazo wakati wa kiangazi. Mtu akisimama uani pake aweza kuona moshi wa jiko la nyumba iliyo mgongo wa pili, na kama upepo umetulia aweza kusikia jogoo wa huko akiwika. Lakini hesabu ya macho si hesabu ya miguu. Atakaye kwenda kwenye moshi ule hana budi ateremke, avuke kijito, apande tena. Na huku jua linakwenda.

Katika nchi ya namna hiyo neno "karibu" lina hatari yake. Mgeni akiuliza njia huambiwa, "Ni karibu tu, pale," na kidole kikaonyesha. Mwenye kujibu hasemi uwongo, maana mahali penyewe anapaona, tena amepaendea tangu utoto wake. Mgeni naye hutembea saa nzima, magoti yakimtetemeka, akasema moyoni kwamba watu wa hapa ni waongo. Hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyekosa adabu. Neno moja tu limewafarikisha.

Yaliyompata kijana mmoja wa Kifanya yalikuwa ya namna hiyo hiyo, ila yeye alipotea katika lugha mbili, si katika moja. Na aliyekuwa karibu kuangamia kwa kosa lake ni bibi yake, mama wa baba yake.

II

Ilikuwa zamani kidogo, kabla simu za mkononi hazijaenea vijijini. Kijana huyo alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, naye alisifiwa kwa Kiingereza. Alikuwa na kamusi kuukuu isiyo na jalada, akaitunza kama mtu atunzavyo mbegu. Kila alipokuta neno jipya aliliandika katika daftari. Na alipoona maneno matatu yamepangwa mahali pamoja, yote yakifasiri neno moja la Kiswahili, alifurahi kama mtu aliyeokota senti tatu njiani. Alidhani ya kuwa maneno yaliyotengwa kwa mkato yana thamani moja, na kwamba aliyeelimika ni yule achaguaye lililo zuri zaidi masikioni.

Mwezi wa Aprili, mahindi yakiwa yamekwisha kubeba, bibi alishikwa na kichomi. Siku mbili alilala akikohoa, pumzi fupi, ubavu ukimchoma na mwili ukiwaka moto. Siku ya tatu hakuweza kunywa hata uji. Hospitali ilikuwa mbali, na mvua zilikuwa hazijakoma. Alfajiri baba yake akamwita, akamwambia, "Mwanangu, wewe wajua Kiingereza. Yule daktari mgeni Kiswahili chake bado kichanga. Mwandikie barua, nami nitampa jirani yetu aendaye mjini kwa basi asubuhi hii. Mwombe aje na motokaa, umweleze nyumba iliko."

Kijana akauliza, "Nimwambie iko wapi, Baba?"

"Mwambie ni karibu na mashine ya kusaga. Mashine kila mtu aijua."

Na kwa desturi ya watu wa pale baba alisema vema. Mashine ilikuwa kando ya barabara kuu, juu ya mgongo wa kilima. Nyumba yao ilikuwa juu ya mgongo wa pili. Walipokaa uani waliona bati la mashine likimetameta juani, na mchana kutwa walisikia mlio wake. Hapakuwa na kitu kikubwa kingine baina yao, ila bonde. Na bonde walilizoea hata hawakulihesabu.

Kijana akafungua kamusi. Penye neno "karibu" akakuta maneno ya Kiingereza yamepangwa mstari mmoja: "near", "close", "next to", "beside". Lile la kwanza alilijua tangu darasa la nne, akaliona ni la kitoto. La pili lilimtia shaka, kwa kuwa alilizoea kwa maana ya kufunga mlango. La tatu likampendeza, kwa sababu ni maneno mawili, tena wenzake walikuwa hawajalitumia. Akaandika kwa mwandiko safi, "Our house is next to the mill," akaikunja barua, akampa baba yake. Moyoni aliona fahari kidogo, pamoja na hofu yake yote.

Jioni ile daktari alipomaliza kuwatazama wagonjwa wake aliisoma barua mara ya pili, akapanda motokaa pamoja na dereva. Saa mbili usiku walifika penye mashine. Dereva hakuwa mwenyeji wa Kifanya. Mashine ilikuwa imefungwa. Ubavuni pake palikuwa na nyumba moja, moja tu, na nafasi iliyokuwa baina ya kuta mbili hizo haikutosha kupita mbuzi wawili. Daktari hakuwa na shaka kwamba ndiyo nyumba iliyoandikwa. Akabisha hodi, kimya. Akabisha tena, kisha akaona kufuli mlangoni, maana wenyewe walikuwa wamekwenda matangani kijiji cha pili. Dereva akapiga honi mara tatu. Hakutoka mtu.

Ng'ambo ya bonde kijana na jamaa zake waliziona taa za motokaa, wakaisikia na honi. Mama yake akasema, "Wamefika!" Baba akakwapua kijinga cha moto jikoni, akatoka mbio akikipunga huku akiteremka. Kijana naye akasimama ukingoni mwa shamba, akaita hata sauti ikamkauka. Lakini upepo ulivuma kutoka upande wa mashine, ukamrudishia sauti yake kinywani. Daktari aliuona moto ukienda huku na huku gizani. Akauliza, "Ule ni moto gani?" Dereva akajibu, "Ni watu walindao mahindi, Daktari. Wakati huu nguruwe mwitu ni wengi." Wakangoja robo saa. Daktari akadhani ya kuwa mgonjwa amekwisha kuchukuliwa kwenda kwingine. Baba alikuwa ndiyo kwanza amefika kijitoni, penye gogo la kuvukia, aliposikia motokaa ikiwashwa. Taa zikageuka, zikamulika miwati iliyo kando ya njia, zikapotea.

Bibi alikuwa amelala akisikia yote. Akauliza kwa sauti nyembamba, "Je, mjukuu wangu, wamefika?"

Kijana akajibu, "Walifika, Bibi. Wamerudi."

Hakujua kwa nini wamerudi. Usiku kucha alikaa karibu naye, akimshika mkono na kuhesabu pumzi zake.

III

Kabla ya kucha wanaume wanne walikuja na machela. Wakamfunika bibi kwa mablanketi, wakateremka naye polepole, wakavuka juu ya gogo lililolowa, mmoja akitangulia ndani ya maji na kuwashikilia wenziwe, wakapanda hata barabarani. Lori la viazi lililokuwa likienda Njombe likawachukua. Daktari alimsikiliza bibi kifua mbele na nyuma, akampiga sindano, kisha akamwambia baba, "Kama mngalichelewa hata jioni, singaliweza kumsaidia." Siku kumi bibi alilala hospitalini. Siku ya tano aliomba uji. Siku ya saba aliuliza habari za kuku wake, na hapo watu wa nyumbani wakajua ya kuwa atapona.

Ndipo daktari alipomwita kijana. Hakumkaripia. Aliitoa barua mfukoni, akaikunjua mezani, akasema kwa Kiingereza chepesi na Kiswahili kidogo, "Barua yako ni nzuri. Hakuna herufi iliyokosewa. Ila nyumba yenu haikuwapo pale uliposema." Akachukua penseli, akachora kisanduku kimoja. "Hii ni mashine. Chora nyumba yenu."

Kijana akachora kwanza barabara. Kisha akachora mstari wa bonde, na chini yake kijito, na gogo, na njia ya kupanda, na mgongo wa kilima. Na mwisho kabisa, ukingoni mwa karatasi, akaweka nyumba. Alipokuwa akichora mkono wake ulizidi kuwa mzito, kwa kuwa kosa lake lilikuwa likitokea mbele ya macho yake, mstari baada ya mstari.

Daktari akauliza, "Kutoka hapa mpaka hapa ni mwendo gani?"

"Nusu saa, Daktari. Wakati wa mvua huzidi."

"Na baina yake?"

"Bonde."

"Basi neno lako lilikuwa 'across'," akasema daktari. "Ng'ambo. Ng'ambo ya bonde. Ningalisoma neno hilo, ningaligeuza uso nitazame upande wa pili, nami ningaliuona moto wa baba yako na kujua ni wa nini."

Kijana akanyamaza. Neno hilo alilijua. Lilikuwamo katika daftari lake. Lakini halikuwamo katika ule mstari wa kamusi, kwa sababu yeye alikwenda kutafuta neno "karibu", naye alilitafuta kwa kuwa ndilo alilotajiwa na baba yake. Kila siku alilivuka bonde lile kwenda shule, asubuhi na alasiri; na siku ile alipotakiwa kumweleza mtu njia, hakulikumbuka kabisa. Alikuwa ameyatazama maneno, asiitazame nchi.

IV

Aliporudi shuleni alimwambia mwalimu wake yote, wala hakujificha. Mwalimu akaona ya kuwa jambo hilo ni mali ya darasa zima. Akaweka kigoda katikati ya chumba, akasema, "Hiki ni mashine." Kisha akamwita mvulana mmoja, akamsimamisha bega lake likiwa sawa na kigoda. "Huyu yuko ubavuni mwa mashine. Waingereza husema 'beside', na ndani ya neno hilo mna 'side', yaani ubavu. Lakini jihadharini, msiongeze herufi s mwishoni, maana 'besides' ni neno jingine, lenye maana ya zaidi ya hayo."

Akamwita msichana, akamsimamisha hatua moja kutoka kigodani, upande wa pili. "Huyu naye ni 'next to', maana hakuna mwingine aliyemtangulia kwa upande wake." Kisha akamleta mvulana wa tatu, akampenyeza baina ya msichana na kigoda, akauliza, "Je, msichana amesogea?" Darasa likajibu, "Hakusogea." "Na je, bado ni 'next to'?" Wakafikiri. Mmoja akasema, "Sasa sivyo, Mwalimu. Ameingia mtu kati." Mwalimu akafurahi sana, akasema, "Basi neno hilo halipimi hatua. Huuliza swali moja tu: je, yuko mwingine kati? Nyumba mbili zaweza kuwa mbalimbali kwa robo saa, nazo zikawa 'next to' kama hapana nyumba nyingine baina yake; lakini atakayesoma atatazamia zinakaribiana kama meno."

Akaendelea. Neno "close" lilitoka katika Kilatini, likapitia Kifaransa, na maana yake ya asili ni kufungwa. Kitu kilicho "close" ni kama mlango uliorudishwa mpaka kizingitini: hakuna nafasi iliyobaki. Kwa hiyo hilo ni karibu kuliko "near", tena hutumika kwa mambo ya moyo. Rafiki wa chanda na pete huitwa kwa neno hilo. Lakini hutaka kufuatwa na "to". Mtoto akiandika "close the river", akikusudia kusema karibu na mto, amemwamuru msomaji wake aufunge mto. Darasa likacheka, na kijana wa barua akacheka pia, mara ya kwanza tangu usiku ule.

"Near" ni pana. Husema tu kwamba mahali si mbali. Halisemi upande gani, wala kama pana bonde au nyumba kumi kati. "Nearby" ni ndugu yake, lakini halipendi kufuatwa na jina la mahali: mtu husema kwamba shangazi yake akaa "nearby", akakoma hapo, au asema kilima cha karibu, "a nearby hill". Atakaye kutaja mto au mashine na atumie "near".

Tena mwalimu akawaeleza jambo lililowastaajabisha. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na ngazi tatu: neno la karibu, ambalo leo husomwa "nigh" katika maandiko ya zamani, neno la karibu zaidi, ndilo "near", na neno la karibu kupita yote, ndilo "next". Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, kama 'near' lilikuwa karibu zaidi, mbona sasa ni karibu tu?" Mwalimu akajibu, "Maneno hulika kama jembe. Likitumiwa sana hupungua makali, na watu hutafuta jingine." Na jirani kwa Kiingereza, "neighbour", ni neno lilelile la kale la karibu likiungana na neno la mkaaji, yaani mkulima. Watu wa Kifanya hawakuona ugumu kulifahamu hilo, kwa kuwa kwao pia jirani ni yule ambaye mpaka wa shamba lake ndio mpaka wa shamba lako.

V

Kisha mwalimu akafuta ubao, akasema, "Msidhani kwamba Waingereza ni matajiri wa maneno na sisi ni maskini. Itazameni mali yenu."

Neno "karibu" asili yake ni Kiarabu, nalo limezaa jamaa nzima. Ndugu za mtu huitwa akraba. Hesabu isiyo kamili husemwa takriban. Na maneno hayo yote ni ya shina moja. Mtu akisema "amefika karibuni", siku zimepita. Akisema "atafika karibuni", siku zinakuja. Neno ni moja, nalo hutazama nyuma na mbele. "Alikuwa karibu kuanguka" ni habari ya mtu ambaye hakuanguka. Na mgeni akibisha hodi, huitikiwa kwa neno hilo hilo, maana yake asogee, asisimame mbali. Hata neno jirani ni la Kiarabu. Kwao ni la wengi, nasi tumelichukua kwa mtu mmoja. Neno lenye kazi nyingi hivyo halina budi kusaidiwa na mengine: kando, ubavuni, pembeni, mkabala, ng'ambo, mbele, nyuma. Watunga kamusi waliona mzigo wake. Krapf, ambaye kamusi yake ilipigwa chapa mwaka 1882, na Madan wa mwaka 1903, na Johnson wa mwaka 1939, wote walikuwa na nafasi ndogo katika ukurasa. Waliyapanga maneno kwa mikato, wakamwachia msomaji kazi ya kuchagua. Mkato si alama ya sawasawa.

Tena Kiingereza kina neno moja la hapa na moja la pale, na la tatu limekwisha kuzeeka. Mwalimu akaandika tisa ubaoni: hapa, hapo, pale, huku, huko, kule, humu, humo, mle. Mahali palipo dhahiri hushika pa. Mahali pasipo na mpaka, au upande, hushika ku. Na ndani hushika mu. Nyumbani pangu, nyumbani kwangu, nyumbani mwangu si mamoja. Wabena wanayo mali hiyo hiyo, ila katika Kibena pa na ku na mu hutangulia jina lenyewe, na Kiswahili hutia -ni mwishoni, kisha huonyesha tofauti katika maneno yafuatayo. Watoto wakatazamana. Walikuwa wameitumia mali hiyo tangu walipoanza kusema, wala hawakujua ya kuwa wanayo.

Haikupita wiki mbili, jambo hilo likathibitika. Daktari alikuja Kifanya kumtazama bibi, na safari hii aliiacha motokaa penye mashine, akavuka bonde kwa miguu, kijana akimwongoza. Alipofika juu alisimama akitweta, akageuka kulitazama bati la mashine ng'ambo. Akasema, "Kweli, ukiwa hapa ni karibu." Kisha akabisha hodi, akauliza, "Bibi yuko?" Mtoto mdogo akajibu, "Yuko." Daktari akainama, akaingia, akatazama kitandani, hapana mtu. Akashtuka, rangi ikambadilika, kwa kuwa alidhani ameingia katika msiba. Mtoto akashangaa, akasema, "Yuko, Daktari. Yuko bondeni, kwenye kinyungu."

Kijana akaharakisha kumweleza. Kama bibi angalikuwa ndani, mtoto angalisema "yumo". Kama angalikuwa papo hapo uani, angalisema "yupo". Lakini alisema "yuko", yaani yuko upande fulani, ni mzima, hajasafiri. Wengi siku hizi huyachanganya maneno hayo, lakini mtoto yule aliyaweka kila moja mahali pake. Daktari akaketi juu ya kigoda, akacheka hata machozi yakamtoka. "Basi tumelipana," akasema. "Wewe ulinipeleka kwenye nyumba isiyo na mgonjwa, na mdogo wako amenipeleka kwenye kitanda kisicho na mgonjwa."

Mara bibi mwenyewe akatokea, akipanda polepole kwa fimbo yake, na fungu la mboga mkononi. Alipomwona mgeni alimwamkia, "Kamwene!" Daktari akaitika kama alivyofundishwa. Bibi akasema, "Mbona amesimama mbali? Karibu, mwanangu, karibu." Hapo neno hilo halikumkosesha mtu njia. Waliingia wote, wakala viazi na mboga ile.

Tangu wakati huo kijana hakuacha kupenda kamusi, wala hakuacha kukusanya maneno. Lakini alibadili desturi yake. Kila alipotakiwa kuandika barua, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, alikaa kwanza na kujiuliza: huyu atakayesoma atatokea upande gani, ataona nini kwanza, na miguu yake itapita wapi? Kisha ndipo alipotafuta neno. Watu walianza kumletea barua zao, hata watu wazima, maana ilisemwa kwamba barua zake hufika na watu hufika kwa barua zake. Na katika kamusi ile isiyo na jalada, penye neno "karibu", aliandika pambizoni kwa penseli maneno mawili tu: Tazama bonde.

Maswali

1. Kwa nini baba alisema kwamba nyumba iko karibu na mashine, na kwa nini hakusema uwongo?
2. Daktari aliuona moto lakini hakufahamu maana yake. Ni neno gani lingalimsaidia, na lingalimsaidiaje?
3. Msichana aliyesimama karibu na kigoda hakusogea, lakini neno lake lilibadilika. Eleza sababu.
4. Tofauti ya "yuko", "yupo" na "yumo" ni nini? Toa mfano mmoja mmoja kutoka nyumbani kwenu.
5. Mwandikie barua mgeni asiyeijua nchi yenu, umwonyeshe njia ya kufika kwenu kutoka barabarani, wala usitumie neno "karibu" hata mara moja.